Mgongo Ulioinama Si Salamu

Juzi alinijia kijana wa ukaguzi, mmoja wenu, mstaarabu kabisa, shati limenyooshwa na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akaniamkia, akakaa, akakubali chai, kisha akatoa simu. Ndani yake mlikuwa na picha ya mwanamke wa ufukwe wa Katonga akichambua dagaa, imechorwa mistari kutoka shingoni mpaka kiunoni mpaka magotini, na pembeni imewekwa rangi ya kijani. Akanieleza kwa furaha kwamba siku hizi hawahangaiki tena, simu yenyewe inapima mgongo umepinda kiasi gani na kusema kama kazi ni salama. Nikamuuliza kama yule mwanamke alijua anapigwa picha. Akasema ndiyo, aliomba ruhusa kwanza, ndivyo walivyofundishwa. Nikamwambia basi amepima adabu ya yule mama, mgongo wake bado hajauona.

Alinuna kidogo. Na nyinyi nuneni mkitaka. Mimi nimekagua watu wakiwa kazini kwa miaka ishirini na tisa, kuanzia bandarini Kigoma mpaka kwenye vibaraza vya mafundi cherehani hapa Ujiji, na nimestaafu na cheo kile kile nilichokuwa nacho nikiwa na nywele nyeusi. Nitawaeleza kwa nini sikupandishwa. Sisemi ili mnionee huruma. Wakinirudisha kazini leo nitafanya vile vile, na safari hii nitafanya mapema zaidi.

Kwenye barua za ofisi kazi yetu iliitwa tathmini ya mkao wa mfanyakazi na vihatarishi vya maumivu. Ukilitamka jina hilo mbele ya makuli wa bandarini, nusu wanakuwa wameshaondoka kabla hujalimaliza. Watu wa Katonga walituita wapima migongo, na mimi nililipenda jina hilo kuliko lile la kwenye barua.

Aliyenifundisha ni Mzee Lazaro, Muha wa Kasulu, mfupi, mwenye sauti ya kusomea misa. Tepu ya kupimia alikuwa nayo lakini iliishi mfukoni. Alichotumia ni kamba ya katani. Alisema mtu hapimwi kwa futi, anapimwa kwa kiwiko chake mwenyewe. Msimamishe, mwambie alegeze mabega, akunje mkono. Kazi ya mikono ikae chini ya kiwiko hicho kwa upana wa kiganja kimoja. Ikipanda juu, mabega yatawaka moto. Ikishuka sana, mgongo ndio utakaolipa. Basi alikuwa anasimamisha kamba toka chini, anapiga fundo pale kiwiko kilipofika, na hilo fundo ndilo lililokuwa sheria. Alimkuta fundi cherehani mmoja karibu na soko la Ujiji amejikunja juu ya meza yake, akapima, akaenda nje, akarudi na vipande vinne vya tofali, akaviingiza chini ya miguu ya meza, akaaga. Fundi alimcheka mpaka machozi. Baada ya wiki mbili alitufuata ofisini kumuuliza kama anaweza kwenda na kwa shemeji yake.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutomuuliza mtu kama anaumwa. Huku kwetu ukimuuliza mtu habari atakujibu nzuri hata akiwa amelazwa kwenye machela. Ni malezi, na mimi nayo ninayo. Mzee Lazaro alikuwa anauliza swali moja tu: "Jana ulilalia ubavu gani?" Hapo mtu anasahau kujilinda. Anaanza kukueleza kwamba kulia hawezi, kushoto anaweza mpaka alfajiri, chali ni mpaka mkewe amwekee kanga iliyokunjwa chini ya kiuno. Kabla hujamaliza kuandika, umeshajua anabebea bega gani. Swali langu mimi, nililolitunga mwenyewe kwa ajili ya wanawake, ni nani anachota maji nyumbani. Mwanamke akikwambia siku hizi anachota binti yake wa darasa la nne, funga daftari, umeshapata jibu.

Marehemu mume wangu naye alinisaidia bila kujua. Kwenye msikiti aliokuwa akisali kulikuwa na viti viwili mwishoni mwa safu, vya wazee wasioweza kusujudu. Siku moja akasema kwa mshangao kwamba viti vimekuwa saba, na wanaovikalia wengine hata ndevu hazijaingia mvi. Nikamuuliza majina. Watano kati yao walikuwa wanapakia saruji kwenye ghala moja. Jumatatu nilikuwa mlangoni pa ghala hilo. Mwenye ghala aliniuliza nani amemshtaki, nikamjibu ni viti. Hakuelewa, na sikuona sababu ya kumwelewesha.

Msidhani nilianza na akili. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa bandarini kuwafundisha makuli namna ya kunyanyua mzigo. Nilikuwa na bango lililochorwa mtu mwembamba, amepiga magoti, mgongo wima, boksi amelikumbatia kifuani. Nikaomba mfuko wa saruji, nikapiga goti kama yule wa bangoni, nikaukumbatia, nikainua. Mfuko ulifika usawa wa mapaja na mimi nikabaki hapo hapo, sishuki wala sipandi. Walikuja wawili kuniokoa. Hakuna aliyecheka, walisubiri niondoke. Ila kuli mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole kabisa, "Afisa, na kwenye ubao tunapiga magoti wapi?"

Ubao wenyewe ni ule wa kupandia kwenye boti za Kongo. Upana wake ni nyayo mbili, umelowa, unacheza, na chini yake ni ziwa. Nililikunja bango na sijalikunjua tena mpaka leo. Nilikaa pale siku nne nikimwangalia yule kuli anavyopita, na tulichofanya mwishoni ni kupigilia ubao wa pili kando ya ule wa kwanza na vipande vya mti vya kuzuia miguu isiteleze. Mtu mwenye mzigo hahitaji kufundishwa adabu ya mgongo. Anahitaji mahali pa kukanyaga.

Lakini makosa hayo ni ya kuchekesha. Kosa langu la kweli nililifanya Katonga, na nililifanya kwa sababu nimelelewa vizuri.

Palikuwa na uwanja wa kuanikia dagaa wa tajiri mmoja. Nitamwita Bwana Sefu, jina lake si hilo. Wanawake ishirini na wawili walikuwa wakipokea dagaa asubuhi mitumbwi inapotua, wanawabeba kwa beseni, wanawamwaga juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, kisha wanawatawanya kwa mikono wasigandane, na jua likipanda wanawageuza. Kazi yote ilikuwa chini, usawa wa nyayo.

Nilifika na gari la serikali, Bwana Sefu akinitangulia. Wanawake waliniona tangu mbali, wakaacha kazi, wakaja. Salamu za Kiha hazina haraka. Mwanamke anapinda magoti, anainama, anapiga makofi taratibu, mwakeye, habari za mama, habari za watoto, habari za huko mtokako. Nami nikapinda, nikapiga makofi, nikawaitikia wote ishirini na wawili. Aliyewaongoza alikuwa Dafroza, mwanamke mrefu mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko cha karibu, ambaye wenzake walimtanguliza kwenye kila jambo. Salamu zilipokwisha nikawaomba waendelee na kazi kana kwamba sipo.

Wakaendelea. Wakachuchumaa pembezoni mwa nyavu, wote wamenielekea mimi, wakachambua dagaa taratibu. Wakichoka wanasimama, wanajinyoosha, wanachuchumaa tena. Nilikaa saa mbili, nikahesabu, nikajaza fomu. Niliandika kwamba wafanyakazi wanabadilisha mkao mara kwa mara, hawainami kwa muda mrefu, na hatari ya kuumia ni ndogo. Niliona pia kila mmoja amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu sana, nikaandika kwamba wana ari ya kazi. Nikasaini, nikagonga muhuri, Dafroza akanisindikiza mpaka garini.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Katonga siku ya Jumamosi kununua dagaa wa harusi ya mdogo wangu. Sikuwa na gari wala daftari. Nilivaa kanga kama mtu mwingine yeyote, na kwa kuwa daladala iliniteremsha juu mlimani, nilishuka kwa njia ya miguu inayotokea nyuma ya uwanja wa Bwana Sefu. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo hakuna aliyeniamkia.

Niliona makalio ya wanawake ishirini na wawili yameelekea mlimani, na vichwa vimening'inia karibu na mchanga. Miguu imenyooka, viuno vimekunjwa, mikono inatembea juu ya nyavu bila kusimama. Hakuna aliyechuchumaa. Hakuna aliyejinyoosha. Nilisimama pale jua likanichoma, nikimsubiri mmoja tu ainuke, na nilisubiri sana. Hatimaye yule wa karibu yangu akaanza kujiinua. Akaweka mkono kwenye goti, akaupandisha kwenye paja, akaupeleka kiunoni, akasukuma, na akaishia katikati. Hapo ndipo alipofika, hakuwa na zaidi. Akageuka akiwa ameinama vile vile, na nikaliona pengo la Dafroza.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuniomba radhi. "Samahani mama mkaguzi, umetukuta vibaya," akasema, akawa anajivuta kanga kwa nyuma.

Nikamuuliza kwa nini siku ile walichuchumaa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Ungekuwa wewe, ungemgeuzia mgeni makalio?"

Nisingemgeuzia. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi binti wa Ujiji, niliyefinywa na bibi yangu kwa kufagia nimewapa wageni mgongo, nilikaa saa mbili nikitazama adabu na kuiita mkao wa kazi. Na siku ile, alinieleza, dagaa wengi waliharibika kwa sababu ukichuchumaa hufiki katikati ya wavu. Gari langu lilipoondoka Bwana Sefu aliwakaripia mpaka jioni. Zile kanga za kiunoni nilizoziona ni ari ya kazi, walikuwa wamejifunga ili viuno visiachie.

Kisha akanieleza lililo kubwa zaidi. Taarifa yangu ilikuwa ukutani kwenye ofisi ya Bwana Sefu, ndani ya fremu yenye kioo. Wanawake walikuwa wameomba chanja, zile meza za miti na wavu juu yake ambazo viwanja vingine vilikuwa nazo, ili waanike wakiwa wamesimama. Kila walipoomba, Bwana Sefu aliwapeleka mlangoni akawaonyesha muhuri wangu na kusema serikali imeshapima. Na sasa, kwa kuwa Dafroza hakuweza kunyooka na alikuwa anawachelewesha wenzake, alikuwa ameambiwa mwisho wa mwezi ndio mwisho wake. Eti kazi imethibitishwa kuwa haina madhara, kwa hiyo ugonjwa huo ameutoa nyumbani kwake, labda ni uzee. Dafroza alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Nilirudi nyumbani bila dagaa. Niliona aibu, na aibu ilipokaa kidogo ikageuka hasira, na hasira hiyo nashukuru haijanitoka mpaka leo. Huyu mwanamke alikuwa anafukuzwa na karatasi, na karatasi hiyo niliiandika mimi.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mkuu wangu kwamba nataka kuifuta taarifa yangu. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya, aliogopa tu. Akasema taarifa iliyosainiwa haifutwi. Akasema tukianza kukiri makosa, kila mwenye kiwanda atapinga kila taarifa. Akanishauri nisubiri ukaguzi mwingine, niandike upya kana kwamba hali imebadilika. Nikamwambia hali haijabadilika, kilichobadilika ni kwamba nimeiona. Akaniuliza kama najua kuna watu wamehamishwa kwa mambo madogo kuliko hilo. Nikamjibu anihamishie Kibondo au popote apendapo, huko nako kuna migongo.

Nikaandika taarifa mpya mbele yake. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mimi niliyesaini taarifa iliyotangulia nilikosea, na nikaeleza nilivyokosea, salamu na kila kitu. Wakubwa wa juu walioisoma hawakuipenda. Baada ya hapo kila jina langu lilipofika kwenye orodha ya kupandishwa cheo, mtu alikumbuka mstari ule. Sawa. Cheo kingenifaa nini, ilhali kamba ya Mzee Lazaro, aliyoniachia mwenyewe, nilikuwa nayo tayari.

Pamoja na taarifa niliandika amri ya kusimamisha uanikaji wa chini mpaka chanja zijengwe, na kwamba Dafroza ameumia kazini na nafasi yake haiguswi. Sasa sikilizeni hili, maana ndilo la kujifunza. Amri kama hiyo ukiipeleka mchana tajiri anaisoma, anakukaribisha soda, anampigia simu rafiki yake, na wewe unarudi na soda tumboni. Mimi niliipeleka asubuhi mitumbwi inatua. Dagaa mbichi hawasubiri simu ya mtu.

Bwana Sefu alisoma, akacheka, akanyoosha kidole kwenye ukuta. Akasema yeye ana taarifa halali yenye muhuri. Nikavuta kiti chake, nikapanda, nikaitoa fremu ukutani, nikaifungua kwa nyuma, nikatoa karatasi yangu na kumrudishia vilivyobaki. Akasema hiyo ni mali yake. Nikamwambia, "Kioo ni chako. Sahihi ni yangu."

Kufikia hapo wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, Dafroza mbele yao. Bwana Sefu akageuza njia. Akaanza kusema kwa sauti ya upole kwamba mimi ni mtu wa ofisini, siwajui wanawake wa huku. Hawa wameumbwa kwa kuinama, tangu utoto wanalima, kwao kuinama ni kupumzika. Akamnyooshea kidole Dafroza aliyesimama pale, kiwiliwili kimeelekea mbele na uso ameuinua kwa shida. "Mwone," akasema, "hata na matatizo yote haya, ana heshima. Ameingia anatuamkia."

Dafroza hakupaza sauti. "Sijamwamkia mtu hapa," akasema. "Mgongo ndio ulioinama. Mimi nimesimama."

Nimekaa kwenye vikao vya mikoa mitatu, nimewasikia wataalamu waliosoma wakieleza kazi yetu kwa picha na michoro, na hakuna aliyenieleza vizuri kama yeye siku ile. Hakuna binadamu aliyeumbwa kwa kuinama. Watu huinama kwa sababu mtu fulani ameweka kazi yao chini, na aliyeiweka anaweza kuiinua. Mtakapokutana na mtu anayewaambia kwamba watu fulani wamezoea, kwamba ni nguvu ya asili, kwamba wao hawasikii maumivu kama sisi, mwombeni naye akae mkao huo huo mpaka mmalize mazungumzo. Nimefanya hivyo mara nyingi na mazungumzo hayajawahi kuwa marefu.

Dagaa walianza kunuka. Kabla ya saa sita Bwana Sefu alikuwa amekubali. Aliita fundi, miti ikaletwa, na hapo akatoa hila yake ya mwisho. Akasema chanja zote zitakuwa na kimo kimoja, hawezi kumjengea kila mwanamke meza yake, na kwa kuwa kelele zote hizi zimetokana na Dafroza, basi apimwe Dafroza. Nilimwona fundi akitabasamu pembeni. Mgongo wa Dafroza ulivyokuwa umepinda, kiwiko chake kilikuwa karibu na magoti, na chanja fupi hula miti michache.

Mimi nilikuwa nimeshika kamba, na nakiri mbele yenu kwamba nilipiga magoti mbele yake nikaanza kuipandisha. Nilimwonea huruma. Niliona kwamba yeye ndiye aliyeumia, yeye ndiye aliyesema, na ni haki yake meza imfuate yeye. Huruma nayo huwa inapima vibaya.

Dafroza akaishika kamba, akaishusha ikiwa bado mkononi mwangu. Akageuka akamwita Yasinta, msichana aliyekuwa ameanza kazi wiki ile, mwili wake bado umenyooka na kanga ameifunga kwa urembo tu.

"Mpime huyu," akaniambia. "Ukinipima mimi, utawainamisha wote."

Yasinta akasimama. Nikamwambia alegeze mabega, akunje mkono. Nikashusha kiganja kimoja chini ya kiwiko chake, nikapiga fundo. Fundo la kwanza lililegea, ikabidi nilirudie. Fundi akakata miti kwa kimo hicho, yote, na Bwana Sefu akaingia ofisini akafunga mlango. Chanja zilipokamilika Dafroza hakuzifikia vizuri. Aliomba kreti la soda, akalipindua, akapanda juu yake, na juu ya kreti hilo alifanya kazi miaka kumi na mmoja. Mgongo wake haukurudi. Ningependa kuwaambia ulirudi, lakini sikuja kuwafariji. Wa Yasinta haujapinda mpaka leo, na ana wajukuu.

Yule kijana wa simu nilimwambia yote haya, chai ikapoa. Nikamwagiza aende Katonga bila kitambulisho, ashuke kwa njia ya nyuma, akae pembeni na asipige picha mpaka atakapokuwa amesahauliwa. Simu yake siichukii. Ikipima kitu cha kweli itasema kweli, kama kamba yangu tu. Kamba hiyo nilimpa, na fundo la Yasinta bado limo, msilifungue.

Nikamwagiza na jambo moja zaidi, nanyi nawaagiza hilo hilo. Dafroza bado yupo. Huteremka asubuhi kuangalia mitumbwi inatua, fimbo mkononi, mwili umeelekea mbele, na wageni wasiomjua humwitikia wakidhani amewaamkia. Mkikutana naye njiani, msimwitikie. Hajasema kitu. Simameni, mwamkieni nyinyi, na nyinyi ndio muiname.